Sentimita Nane

Shirika la ndege lilinijibu kwa karatasi nzima ya sifa. Urefu wa ndege, mita thelathini na tisa na nusu. Mabawa, kutoka ncha hadi ncha, mita thelathini na tano nukta nane. Injini mbili, viti mia moja na themanini, njia moja katikati, mwendo wa kilomita mia nane na arobaini kwa saa. Mimi nilikuwa nimeuliza jambo moja tu: mlango wa mizigo una kimo gani?

Msinione mbishi. Mimi ni fundi cherehani, futi haitoki shingoni mwangu, na kiti cha umeme cha mdogo wangu nilishakipima: sentimita tisini na saba. Mdogo wangu huchora ramani za majengo. Miguu haimbebi, na mikono yake ina nguvu ya kushika kalamu na kile kijiti cha kuendeshea kiti, basi. Alikuwa ameitwa kwenye usaili mji wa mbali, saa tisa alasiri, na barua ilisema wazi: awe anaweza kuzunguka ofisini bila msaidizi. Kwa kiti chake anaweza. Hata mimi ananiacha nyuma nikihema.

Nilipiga simu mara nne. "Dada, ndege yetu ni ya kisasa," wakaniambia. Kana kwamba nimeuliza umri wake!

Asubuhi ya safari, wakaguzi wakaninyang'anya spana ya kulegeza boliti nne za mgongo wa kiti ili ulale. Eti chombo cha hatari. Mdogo wangu akabebwa ndani, mimi nikabaki chini na kiti, na kabla hawajanizuia nikaunyooshea futi ule mlango wa mizigo. Themanini na tisa.

"Kimezidi sentimita nane," nikamwambia msimamizi wa wapakiaji. "Nipeni spana. Dakika kumi tu."

"Dada, tunaondoka baada ya dakika kumi na mbili."

"Si zinabaki mbili?"

Akacheka. Kisha wakakilaza kiti ubavu, upande wa kijiti, wakakisukuma ndani kama gunia. Nilisikia kitu kikilia ta! Nilipanda ngazi nimefura kwa hasira.

"Punguza moto, dada," mdogo wangu akasema nilipoketi. "Kitafika."

Kilifika. Kijiti kilikuwa kimekatika, kinaning'inia kwa waya. Ofisa wa uwanja akanipa fomu ya kujaza na kusema mzigo ulipakiwa kwa kufuata vipimo vya ndege. Vipimo! Watu wanaojua upana wa mabawa yao hadi nukta hawakujua mlango wanaoufungua kila siku. Nilimwambia hayo kwa sauti iliyowageuza watu wote ukumbini, naye akaniazima kiti cha kusukuma.

 Tulipofika kwenye ofisi ya usaili, mdogo wangu akaninong'oneza, "Niwahishe ndani kabla hawajaingia. Uniweke mezani, halafu utoke."

Nikamweka. Nikamtandazia michoro yake mbele, nikafunika vishikio vya kusukumia kwa koti lake, nikaenda kusimama nyuma ya mlango.

Niliwasikia wakiuliza, naye akijibu bila kusita. Alieleza ngazi, akaeleza madirisha, akawachekesha. Mwanamke mmoja akasema hajaona mchoro safi hivyo mwaka mzima. Moyo wangu ukaanza kutulia. Nikasema kimoyomoyo, tumewaweza.

Kisha viti vikaburuzwa, watu wakasimama.

"Vizuri sana," akasema yule mwanamke. "Twende basi tukuoneshe ofisi. Tangulia, sisi tunakufuata."

 Nikalisikia koti likianguka sakafuni.

"Dada," mdogo wangu akaita.

Ameniita hivyo tangu ajue kusema. Sikuwahi kuchukia kuitikia wito huo mpaka siku ile.