Kijiko Ndani ya Saa ya Mji

Asubuhi ya maadhimisho ya miaka arobaini ya mapinduzi, fundi saa alikuwa juu ya mnara akikwangua kinyesi cha njiwa kwenye gurudumu la meno, suti yake imetundikwa msumarini, pale binti mmoja alipopanda ngazi zote tisini na sita bila kuhema, akauliza kama saa nne bado.

"Bado, dada," fundi alijibu bila kugeuka. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa miaka arobaini.

Kisha akageuka. Binti alikuwa na miaka ileile kumi na tisa, viatu vilevile vya turubai, kamba ya kiatu cha kushoto imelegea vilevile. Muda wote huo wapita njia walikuwa wakipazunguka mahali fulani chini ya mnara, pale aliposimama yeye, na wafagiaji wakifagia kandokando, wala hakuna aliyeuliza kwa nini. Leo wafunga mahema walitaka kusimika nguzo papo hapo. Walimwomba apishe, akapisha.

"Si wewe yule kijana wa saa?"

"Ndiye mimi."

"Loo! Mimi nimesimama mpaka nyayo zinawaka moto, kumbe mwenzangu huku unaota mvi."

Habari ya saa hiyo ilijulikana na kila mtu mjini. Ilisimama saa nne kasoro dakika tatu, siku ya mapinduzi, kwa uchungu. Ndivyo vitabu vya shule vilivyosema. Fundi alikuwa ameajiriwa kuisafisha na kuhakikisha haitembei.

Habari ya binti nayo ilijulikana. Aliagizwa asikie kwanza kengele ya saa nne, ndipo akimbie machimboni kuwaita wenzake, waje kuwaokoa wanamapinduzi kumi na mmoja waliokwisha kuingia kambi ya askari. Hakufika. Wale kumi na mmoja walipigwa risasi, na mapinduzi yakashinda wiki mbili baadaye kwa mikono ya watu wengine. Majina ya waliouawa yalichongwa kwenye jiwe. Yeye aliitwa Aliyechelewa. Mama yake aliuhama mji alipochoka kuitwa hivyo sokoni, kwa niaba ya mwanawe.

"Uliniahidi," binti alisema. "Ulisema, 'Dada, wewe sikiliza tu, kupiga itapiga.'"

"Nilisema."

Binti aliinama kuchungulia mtambo. Kati ya magurudumu mawili kulikuwa na kijiko cha chai, kimepinda kidogo, kinang'aa kwa mafuta. Fundi alikipaka mafuta kila mwezi pamoja na vyuma vingine.

"Nani kaweka kijiko humu?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mimi. Nilikuwa nakunywa chai. Kaka yangu alikuwa zamu langoni kambini siku ile. Nikawaza, wakija wale wa machimboni, wa kwanza kufa ni yeye."

Chini uwanjani mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

"Alipona?"

"Alipona. Kafa juzijuzi, kitandani kwake. Kisukari."

"Afadhali," binti alisema, akainama kufunga kamba ya kiatu.

Fundi angependa atukanwe. Alisubiri kidogo, lakini binti alikuwa na fundo la kushughulikia.

Mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho alifika akitweta, karatasi za ratiba zimemlowa jasho mkononi. "Mzee wangu, unavalishwa nishani ya utunzaji wa mnara sasa hivi, na wewe bado na ovaroli! Mkeo yuko kule mstari wa mbele, kavaa amependeza, anakutafuta kwa macho." Akamwona mgeni. "Hujambo, binti. Wewe ni wa kwaya?"

"Sijambo. Mimi ndiye Aliyechelewa."

"Aa, karibu sana. Wageni wanakaa upande wa kushoto, viti vya plastiki."

"Hakuchelewa," fundi alisema. Akaeleza yote, tangu chai mpaka kijiko. Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyoogopa miaka yote hiyo.

Mwenyekiti alisikiliza kwa heshima, akakuna kidevu. "Nimekuelewa, mzee. Lakini vitabu vimeshachapwa. Na kwaya imeshafanya mazoezi. Tuache yaliyopita." Alipofika mlangoni akageuka. "Ukiigusa hiyo saa, nishani huna, na funguo za mnara uziache mezani. Nyumba unayokaa hapo chini nayo ni ya mnara, unajua. Usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa."

Saa nne kasoro dakika tatu uwanja mzima ulisimama kimya, kama kila mwaka. Fundi alivuta kijiko. Hakikutoka. Akakigonga kwa nyundo mara mbili, kikaruka, kikaanguka sakafuni. Alizungusha mkono wa kupandisha mawe ya uzito mpaka mabega yakauma, kisha akalisukuma kwa kiganja timazi lililoning'inia chini ya mtambo. Saa ikaanza kutembea.

Kimya kilitakiwa kiwe cha dakika moja, lakini hakuna aliyethubutu kukivunja na saa inasikika. Dakika ya tatu kengele ikapiga, na njiwa wote wakatoka kwa mkupuo.

"Asante, kaka," binti alisema, akazishuka ngazi mbilimbili.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kengele hiyo imepigwa kwa heshima ya mashujaa kumi na mmoja, na watu wakapiga makofi. Kwaya ikaanza kuimba, na ilipofika ubeti wa Aliyechelewa iliuimba wote, haikuruka neno. Fundi aliweka funguo mezani na kijiko kando yake. Kupitia dirisha alimwona mkewe akiangalia kiti kitupu jukwaani, na binti akikatiza katikati ya viti, akishika barabara ya machimboni, ambako sasa kuna maegesho ya magari.

Watoto wa shule waliokuwa ukingoni walimwona anavyokimbia. "Kachelewa huyo!" walipiga kelele. "Kachelewa!"

Hakugeuka. Kengele ilikuwa imepiga sasa hivi, na yeye alikuwa amewahi.