Mikono ya Mpiga Pasi

Katika karakana moja ya kushona sare za shule, mpiga pasi alikuwa mtu wa maneno machache, wala si kwa kupenda. Kigugumizi kilimwandama tangu utotoni. Akianza kusema, wenzake walimmalizia, kwa wema tu, na mara nyingi walimalizia sivyo. Mwisho akazoea kunyamaza, akabaki nyuma ya mvuke wa pasi akiitikia kwa kichwa.

Siku moja msimamizi, mama mwenye sauti nene na moyo mwepesi, akamleta mshonaji mpya. Dada huyo alikuwa kiziwi. Alipewa cherehani ya dirishani, penye mwanga, na kola alizoshona zilikaa sawasawa. Msimamizi akaona kila kitu kimekaa sawa pia.

Lakini kazi ya karakana huenda na porojo. Mkata vitambaa, mzee wa kitambi na maneno matamu, hakupitisha asubuhi bila kisa. Chumba kizima kikiangua kicheko, yule dada aliinua kichwa, akatazama uso huu na ule, kisha akairudia cherehani yake. Mpiga pasi aliyaona hayo.

Haukupita muda, dada akakusanya mkasi na futi yake, akaaga kwa kupunga mkono. Wakaulizana kulikoni, maana hakugombana na mtu. Mkata vitambaa akasema lazima kapata kazi kwingine. Mpiga pasi akaiweka pasi kando, akaja mbele.

"Ha-hajapata kwingine," alisema. Mkata vitambaa alifungua mdomo amsaidie, msimamizi akamzuia. Wakangoja. "Tu-tulimpa kiti. Ma-mazungumzo hatukumpa."

Jioni ile msimamizi na mpiga pasi wakaenda kwa yule dada. Mdogo wake wa kike ndiye aliyewatafsiria. Dada alieleza kwamba kazi anaipenda na hakuna aliyemkosea.

"Ila mkicheka, sijui mnacheka nini," alisema kwa mikono. "Siku nyingine nadhani mnanicheka mimi."

Msimamizi hakujitetea. Aliomba radhi, akauliza wafanye nini. Dada akafikiri, kisha akajibu kwamba atarudi wakijifunza lugha yake, na somo la kwanza liwe vile visa vya yule mwenye tumbo.

Basi dada akarudi, na kila mapumziko ya mchana yakawa darasa. Mkata vitambaa alinung'unika kwamba vidole vyake vimekomaa kwa mkasi, lakini mchekeshaji asiyechekewa hana raha, akajifunza kuliko wote. Alipojaribu kisa chake cha kwanza alitaka kusema mama mkwe amekuja kuwatembelea. Mikono ikasema amekuja ng'ombe. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akamsihi asirekebishe, ng'ombe ni mzuri zaidi.

Na mikono ya mpiga pasi haikuwa na kigugumizi. Mchana mmoja alisimulia jinsi yeye na kaka yake walivyojificha kwenye pipa wakikwepa kuoga, na pipa likaviringika hadi mlangoni kwa mwalimu. Alisimulia mwanzo mpaka mwisho, bila kukatizwa. Watu walishika mbavu.

"Kumbe ulijificha miaka yote hii," mkata vitambaa alimwambia.

Akajibu kwa mikono kwamba hakujificha, alikuwa kwenye foleni.

Binti wa mpiga pasi alipoolewa, baba alitakiwa aseme neno. Zamani angemwachia kaka yake. Safari hii alimwomba mkata vitambaa asimame kando yake, awe sauti yake. Mikono ikaanza, na sauti ikafuata: akamshukuru marehemu mkewe kwa malezi, akawashukuru wenzake wa karakana, waliokaa safu nzima kwa nguo zao za kupendeza, akamshukuru dada wa dirishani kwa kumpa lugha ukubwani. Hapo mkata vitambaa akakabwa na kilio, sauti ikakatika. Msimamizi akainuka mahali pake, akaendelea kutafsiri bila kuambiwa.

Binti hakungoja mwisho. Alimwendea baba yake, akamshika mikono yote miwili, akaing'ang'ania. Baba akabaki hana cha kusemea ila mdomo.

"Na-nashukuru, mwanangu," alisema, na ukumbi mzima ukamngoja aendelee.