Kilio cha Mzee Ombewa

Mdomo uliponza kichwa, na mdomo wa mume wangu Nashon ulituponza sote. Mwaka wa tisini na sita alikuwa akileta nyumbani wazungu waliotoka kuona korongo, wale swala wakubwa, kule mbuga ya Ruma. Nawapikia samaki, wanapiga picha, wanaenda zao. Siku hiyo wakauliza kama hakuna ngoma ya kienyeji. Nashon akawaahidi tero buru!

Jamani! Tero buru si ngoma. Mzee akifa, wanaume hukimbiza ng'ombe, mikuki mkononi, wakifukuza kifo, na wanawake hulia. Na baba mkwe wangu, Mzee Ombewa, alikuwa hai, mgonjwa, amelala nyumba ya pili.

"Nashon, mtamlilia nani?" nikamuuliza.

"Wacha ushamba, Rispa. Ni maonyesho tu."

Nikagoma, nikabaki jikoni. Yeye akaita vijana, ng'ombe wakatimuliwa, vumbi likapanda, wanawake wakapiga nduru. Wageni wakashangilia.

Nani hapa kwetu Ndhiwa hakujua mzee anaumwa? Nduru zikafika sokoni. Majirani wakaja mbio, huyu na kuni za matanga, yule na kuku. Mara nikamwona wifi yangu Phanice, aliyekuwa akiuza dagaa wa omena, anakuja peku, leso imeanguka huko njiani. "Baba! Baba yangu, umeniacha!" Akajitupa chini mlangoni kwa mzee.

Mlango ukafunguka. Mzee Ombewa akatoka na fimbo yake, blanketi begani.

Watu wakasimama na kuni zao mikononi; mzungu mmoja tu akapiga makofi. Aibu ilinijaa, nikatamani ardhi inimeze. Nashon ameshika mkuki, hajui auweke wapi.

"Wageni wako wamefurahi?" mzee akamuuliza.

Mzee akainama polepole, akamshika binti yake kichwa. "Lia tu, mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyenililia."

Majirani wakarudi na kuni zao bila kuaga. Wazungu hawakuletwa tena.

Mzee alipona, akaishi miaka kadhaa. Kila asubuhi Nashon akibisha hodi kumjulia hali, alijibiwa kutoka ndani: "Si ulishanizika?"

Alipokufa kweli, ndugu zake Nashon walichukua mikuki, ng'ombe wakakimbizwa. Yeye walimwita mara nyingi. Alikuwa jikoni kwangu, ameketi kando ya moto, na hakutoka.