Kona ya kwa Shangazi

Kamba, fundi mwashi, hakuwa mtu wa kukosea kipimo. Mtaa ulipojitolea kugeuza jalala kuwa kiwanja cha mbio, yeye ndiye aliyekabidhiwa vigingi na uzi, na mtu asije akasema alibahatisha. Alijua vizuri sana. Ramani ilitaka kona ya mwisho ipite jikoni kwa dada yake, mjane asiye na kitu kingine duniani ila jiko lile na vyumba viwili. Basi akauvuta uzi ndani hatua chache, akajenga ukingo, akakaa kimya kama maji mtungini. Nani angejua?

Kumbe angejua binti yake mwenyewe. Msichana yule alikuwa na miguu, jamani. Siku ya kufungua kiwanja alikimbia mizunguko miwili kwa muda ambao haujapata kusikika pale, na muda huo ukapelekwa kambi ya wakimbiaji, wanakochukua wanne tu. Majirani wakambeba mabegani. Kamba naye akapiga makofi, eti. Wiki mbili maneno yalimfika mdomoni, na wiki mbili akayameza.

Kisha mwalimu wa kambi akaja na gurudumu la kupimia. Akalisukuma mzunguko mzima, akarudia.

"Mita tisa hazipo," alisema. "Kwa mizunguko miwili, kumi na nane. Pole, binti. Muda huu hatuupokei, na majaribio yalifungwa jana."

Kamba alitazama jiko la dada yake. Binti akayafuata macho yale, akaelewa.

"Siku ile wananibeba, baba, ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Ungeniambia. Ningekwenda kukimbia kwingine."

 

Halmashauri ikaamuru kona ijengwe upya. Jumatatu jiko likabomolewa, na chumba kimoja pamoja nalo. Dada mtu alitoa sufuria zake mwenyewe, moja moja, akaziweka chini.

"Mdogo wangu," alimwambia taratibu, "kwa nini hukuniambia tu nihame?"

Uzi unataka watu wawili. Binti akashika ncha ya pili bila kuombwa, akarudi nyuma juu ya vifusi vya jiko la shangazi yake, akauvuta ukakaza.

"Hapa, fundi?" aliuliza.

Tangu aanze kusema, hakuwahi kumwita hivyo.

"Hapo," alijibu Kamba, akapigilia kigingi.