Jina la Zamda

Tamimu aliniomba kwa adabu zote, siku ile tulipomtoa mwali Zamda kule Mohoro. Alikuja na redio kaseti begani. "Dada Mwanamina, niruhusu nikurekodi." Nikamruhusu. Nilidhani anataka kwenda kusikiliza nyumbani na mkewe.

Kuimba ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mwali akishamaliza kufundwa, anatolewa uani amefunikwa kanga mpya, nami naimba jina lake, la babake na la mamake, mpaka kila aliyekuja ajue huyu ni mtoto wa nani. Wenye mtoto wakisikia majina yao wanakuja wakicheza, wananitunza, noti wananibandika kwenye paji la uso. Noti hizo ndizo zilizolea wanangu. Shamba langu la mpunga mto ulikuwa unalimeza kila unapojisikia.

Basi ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu na kibanda chake. Tamimu akafungua chake stendi ya Kibiti, redio mbili zinatazamana, moja inaimba, nyingine inanakili, na sauti yangu ikaenea kwenye mabasi yote ya kusini. Abiria waliokwama kivukoni Ndundu waliinunua pamoja na korosho. Mialiko yangu ikakatika. Mtu ana kanda ndani, aniite mimi nikamalize pilau yake?

Nikamfuata hukohuko Kibiti, nikamfokea mbele ya wateja wake. Hakukasirika hata kidogo.

"Sasa dada, nimekuibia nini? Sauti si bado unayo? Si hiyo unanifokea nayo?"

Watu wakacheka. Nami, mwenye mdomo wangu huu, nikakosa la kumjibu. Nikarudi nyumbani nimevimba kwa hasira.

Nikajiwekea nia moja tu. Wengine wote na wabaki na kanda zao, lakini mwanangu Nusaiba nitamtoa mwenyewe. Beti za jina lake nilizitunga tangu nambeba mgongoni, na sikuwahi kuziimba mbele ya mtu.

Siku yake ilipofika, nani namwona anaingia uani? Wifi yangu Mwanabaraka, dada wa baba mtu, na nyuma yake Tamimu na redio lake.

"Mama wa mwali haimbi, wifi. Anakaa anapongezwa," akasema. "Na si kanda yako mwenyewe? Utakuwa umeimba vilevile."

Shangazi akishasema siku ya mwali, nani wa kumpinga? Nikakalishwa mkekani kama mgeni.

Nusaiba akatolewa. Redio ikaimba kwa sauti yangu mimi: Zamda katoka, mtazameni Zamda. Wanawake wakaitikia Zamda, wakipiga vigelegele, na mwanangu amesimama pale katikati ameinamisha kichwa. Kisha wakaanza kuitunza redio! Naapa, waliibandika noti yenyewe, na Tamimu anazikusanya huku anashukuru kana kwamba yeye ndiye aliyezaa. Nilitamani kulipiga teke lile dude.

Mara mawe ya redio yakaisha. Sauti yangu ikawa nzito kama ya mlevi, ikaburuzika, ikanyamaza. Tamimu akatoka mbio kwenda dukani kutafuta mengine. Nikasema alhamdulillahi, nikainuka kabla mtu hajanirudisha mkekani.

"Nusaiba katoka, mtazameni Nusaiba..."

"Zamda!" wakaitikia.

Nikadhani hawakusikia. Nikapandisha sauti, nikaimba tena.

"Zamda!" Uani pote, wakubwa kwa watoto. Wala hawakuwa na ubaya. Mahadhi ni yaleyale, na ndivyo walivyoujua wimbo. Mwanamke aliyemfunda mwanangu, somo yake mwenyewe, akanisogelea akaninong'oneza kwa huruma, "Mama Nusaiba, unakosea. Hapo ni Zamda."

Hapo ndipo nilipolipata jibu la Tamimu, na mwenyewe hayupo wa kulisikia. Sauti kweli aliniachia. Alichukua wa kuniitikia.

Sikunyamaza. Nikaimba mara ya tatu, namwangalia mwanangu tu. Wifi yangu akainuka na noti mkononi, anacheza, uso umejaa furaha, anakuja moja kwa moja nilipo. Nikainua paji langu la uso kumpokea. Akanipita, akaibandika noti yake juu ya redio iliyozimika.