Sauti ya Mwanamke wa Mlangoni

Mume wangu Tumsifu ni mtu wa maneno machache nyumbani. Akitaka chumvi ananyoosha kidevu, nami nampa. Akifurahia chakula analegeza mkanda wa suruali, basi, hiyo ndiyo asante. Nilishazoea, wala sikuwa na kinyongo, kwa sababu niliamini Mungu ndivyo alivyomuumba. Nilichokuwa sijui ni kwamba maneno anayo, tena tele, ila anayapeleka kwenye kibanda cha video cha Fredy huku Miyuji, anamwambia mwanamke mwingine kwa kipaza sauti, na watu wanalipa kiingilio wakasikilize.

Ngoja nieleze vizuri. Tumsifu ni Mmachame, karani wa serikali, na aliletwa Dodoma miaka ile serikali ilipotangaza kuhamia huku. Alikuja amevaa suruali za bugaluu, nywele amezichana juu, na sanduku lake zito halikuwa na nguo bali santuri za magitaa. Mimi nilikuwa binti wa Mlali niliyekuja mjini kujifunza cherehani. Tulifahamiana alipoleta zile bugaluu nizipunguze miguu, maana wakubwa wa ofisini walikuwa hawazitaki. Muziki wake aliuita roki. Kwangu mimi ulikuwa sauti ya bati linaloburutwa kwenye changarawe, lakini nilimpokea yeye na bati lake. Alikuwa anajifungia chumbani, anaweka santuri, anatikisa kichwa peke yake. Mwanamume anayetikisa kichwa peke yake chumbani hana madhara kwa mtu.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa vinasikika kwa majina tu vikaanza kuuzwa sokoni: kanda, redio za spika mbili, televisheni, deki za video. Fredy, rafiki yake wa ofisi moja, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini. Hakukaa kulia. Alijenga kibanda cha mabati, akatundika magunia madirishani kuzuia mwanga, akaanza kuonyesha sinema kila Jumapili baada ya ibada. Watu walipenda zaidi sinema za kutisha. Tatizo ni kwamba kanda zilikuwa nakala ya nakala, picha ina chenga, sauti inakwaruza, na Kiingereza chenyewe wengi hawakijui.

Hapo ndipo walipobuni utaratibu wao. Tumsifu alikuwa anakuja na kanda nyumbani Ijumaa, anaiangalia kwenye deki yetu sikio likiwa limegusa spika, anaelewa kila kitu. Jumapili, kibandani, Fredy anazima kabisa sauti ya sinema. Badala yake anaweka kwenye redio kanda ya hevi metali ya mume wangu, na mume wangu anakaa mbele na kipaza sauti, anasema maneno ya watu wote waliomo kwenye kioo. Mlango ukigongwa, anagonga meza. Mtu akichinjwa, gitaa linapandishwa. Vijana walikuwepo, lakini waliojaa hasa walikuwa watu wazima wenzake, makarani na madereva waliowahi kuvaa bugaluu, wakitikisa vichwa ambavyo nywele zilishahama. Nami nilikuwa naenda, nakaa benchi la wanawake na Batuli, mke wa Fredy, tunakula karanga. Nilikuwa najivunia mume wangu, nasema kweli.

Ndipo akaja Erica.

Erica alikuwa mchapaji wa Bunge, aliyevutwa kibandani na ule muziki. Mnyakyusa, mjane, amezaliwa Kitwe kule Zambia, ambako baba yake alikuwa anafanya kazi mgodini. Kule, alisema, walikuwa na bendi zao wenyewe, Waafrika kama sisi, zilizopiga magitaa ya mngurumo mpaka bia inatetemeka kwenye glasi. Tumsifu aliposikia hivyo alisogeza kiti. Erica alikuwa amevaa koti la ngozi, Dodoma hii, jua hili, na hakutoka hata tone la jasho. Siku ya kwanza kufika kwetu aliniita wifi, utadhani amezaliwa tumbo moja na mume wangu. Nikajiuliza ni wifi gani huyu anayejichagua mwenyewe. Akakaa kwenye kochi, upande ninaokaa mimi.

Basi ikawa kila Jumamosi mchana. Wanaweka kanda, wananyamaza, kisha kwa pamoja wanainua kidole gitaa linapofika mahali fulani. Erica alikuwa anapiga gitaa hewani, vidole vinacheza kwenye mkono wake mwenyewe, na Tumsifu anacheka. Kicheko kile mara ya mwisho nilikisikia kabla Meshack wetu hajazaliwa. Mimi nilikuwa jikoni natwanga karanga kwa nguvu kuliko karanga zilivyohitaji. Wakati mwingine, nikibaki peke yangu na cherehani, niliziweka zile kanda nijaribu kuelewa kilicho humo. Niliambulia kuumwa kichwa. Roho iliniuma zaidi ya kichwa.

Fredy ndiye aliyemwaga petroli kwenye moto. Aliona kwamba Tumsifu akiigiza sauti ya mwanamke watu wanacheka mahali pa kuogopa, akapendekeza sauti za kike azifanye Erica. Kibanda kikafurika. Na katika sinema zote, waliyoipenda hadi kuomba irudiwe kila Jumapili ni ile ya mke aliyekufa maji. Mtu mmoja huko Ulaya, mke wake amezama ziwani, amezikwa. Lakini jioni anarudi, nguo zinachuruzika, anagonga mlango wa nyumba yake. Mume anasimama ndani, mkono umeshika kitasa. Erica anagonga meza taratibu. Halafu mume wangu, mtu wa kunyoosha kidevu, anasogeza kinywa kwenye kipaza sauti na kusema:

"Kama umekuja kunichukua, nichukue. Nyumba hii haijalala tangu uondoke. Sema tu jina langu, mpenzi, nami nitafungua."

Benchi zima la wanawake lilikuwa linashusha pumzi. Wengine waliyajua maneno kwa moyo, wanayasema pamoja naye kama sala. Batuli aliniegemea, akasema mumeo ana maneno, Mama Meshack, sisi wenzako tumeolewa na mabubu. Nilitafuna karanga. Mbele pale, Erica alikuwa amefumba macho.

Jioni hiyo nilimuuliza Tumsifu maneno yale anamwambia nani. Hakuinua kichwa kutoka kwenye gazeti. Alisema ile ni sinema, yeye anatafsiri tu. Sasa utamgombeza vipi mtu kwa kutafsiri? Ukienda kwa wazee wa kanisa utasema nini, kwamba mumeo anatamka alichokisema Mzungu? Nilikaa na jambo hilo kifuani mpaka maji yakazidi unga. Nilichotaka kukijua ni kimoja. Je, yale maneno yamo kwenye sinema, au yamo ndani ya Tumsifu?

Mficha uchi hazai. Jirani yangu Mwamvua ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, mtu asiye na mdomo. Nilimwita Ijumaa mchana shule zikiwa likizo, Tumsifu akiwa kazini, kanda ya mke aliyekufa maji ikiwa juu ya deki tangu Jumapili. Nilimweleza yote. Hakucheka, hata kama moyoni alicheka. Tulifunga pazia, tukapandisha sauti mpaka mwisho, kanda ikaanza kukwaruza. Mwamvua alinitafsiria taratibu, na kwa sehemu kubwa mume wangu alikuwa mwaminifu, hilo sitamnyima. Tukafika mlangoni. Mke akagonga. Mume akasimama, mkono kwenye kitasa. Akasema neno fupi. Kisha akageuka, akasukuma kabati zito na kuziba mlango.

Mwamvua alisimamisha kanda.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Amesema, nani yuko hapo."

"Halafu?"

"Basi."

Nilimwambia arudishe nyuma. Alirudisha, akasogeza sikio. Nani yuko hapo. Nikamwambia arudishe tena. Safari hii hakusogeza hata sikio, alinitazama mimi tu, akaniambia kwa upole kwamba yule mtu haongezi kitu, anaogopa, mke wake ni maiti. Nilizima televisheni. Nilimchemshia chai ya maziwa yenye tangawizi, maana mgeni ni mgeni, nikamimina mpaka kikombe kikafurika.

Mwenye wivu akipata alichokitafuta hafurahi, usidanganywe. Nilikaa kwenye kochi, upande wangu, nikayapitia yale maneno moja moja. Nyumba hii haijalala tangu uondoke. Ameyatoa wapi? Hakuyapata kwenye santuri, hizo hazina Kiswahili. Ameyakata na kuyashona mwenyewe, ofisini labda, au hapa hapa pembeni yangu nikiwa nakoroma. Miaka yote nilidhani kisima hakina maji, kumbe ndoo yangu ndiyo hairuhusiwi. Nilichukia. Nilimchukia Erica na koti lake, nikamchukia na yule Mzungu wa kwenye kioo aliyesingiziwa mapenzi. Lakini zaidi ya kuchukia, niliyataka. Niliyataka yale maneno kama mjamzito anavyotaka udongo. Hata kama ni ya uongo, nilitaka uongo uliotungwa kwa ajili yangu.

Usiku, wakati wa chakula, nilimpakulia ugali na mlenda, nikakaa mkabala naye. Nikamwambia Jumapili mwanamke wa mlangoni nitakuwa mimi.

"Wewe hujui Kiingereza," alisema.

"Na wewe hukihitaji," nikamjibu. "Ile kanda nimeisikiliza. Nilikuwa na Mwalimu Mwamvua."

Tonge lilibaki mkononi. Nilingoja aniulize nimesikia nini, au agombe, au hata aseme uongo. Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akatoka kwenda kusimama uani. Alipoingia alisema atamwambia Fredy. Nikaona hiyo ni dalili nzuri. Nikajiambia huenda aibu itamfungua.

Jumapili nilivaa gauni langu la kitenge nililolishona kwa ajili ya harusi ya dada yake. Kibanda kilikuwa kimejaa mpaka watu wamekaa chini. Erica aliniona naingia, akainuka bila kuambiwa. Sijui Tumsifu alimwambia nini, wala sikuuliza. Alinikabidhi kipaza sauti.

"Kishike karibu na mdomo, wifi," alisema. "Ukikiweka mbali hawasikii."

Akaenda kukaa mahali pangu, jirani na Batuli. Mimi nikakaa pake. Kiti kilikuwa cha moto.

Nilifanya vizuri, waulize waliokuwepo. Mke alipokuwa anazama nilipiga ukunga wa nyumbani kwetu Mlali, ule wa kuita kijiji kizima, na watu wakasimama. Magitaa yalinguruma na kwa mara ya kwanza sikuyaona bati. Niliona yanafaa kwa mtu mwenye yaliyomo moyoni mwangu. Wazee wa bugaluu walitikisa vichwa, vijana wakapiga miluzi. Tumsifu alikuwa pembeni yangu, goti lake karibu liguse langu, anatafsiri sawasawa, jasho linamtiririka shingoni.

Tukafika mlangoni. Fredy akashusha muziki, gitaa moja tu likabaki linalia kwa mbali. Niligonga meza. Kibanda kilitulia, kila mtu anangoja yale maneno. Mwanamke mmoja kwenye benchi alishaanza kuyanong'ona. Mume wa kwenye kioo alishika kitasa. Mume wangu alisogeza kinywa kwenye kipaza sauti.

"Nani yuko hapo?"

Akakishusha kipaza sauti, akakiweka juu ya goti.

Nilingoja. Watu walingoja. Yule aliyekuwa ananong'ona aliacha katikati. Nikagonga tena, ingawa kwenye kioo ilikuwa bado, nikasema maneno ambayo hayamo kwenye kanda wala hakuna aliyenitafsiria.

"Ni mkeo. Nimelowa. Baridi inanipiga. Fungua."

Kibanda kilivuma. Wanawake walimwambia afungue, madereva wakamwambia afungue, mzee mmoja nyuma akasema kwa ukali kwamba mke ni mke hata akiwa maiti. Tumsifu hakunitazama. Nilifuata macho yake, nikaona yanakoishia, kwenye benchi la wanawake, mahali nilipozoea kukaa mimi. Erica alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo mume wangu akainua kipaza sauti, akawaambia watu kwa sauti ile ile ya kazi:

"Anasukuma kabati, anaziba mlango."

Na kweli, kwenye kioo mtu alikuwa anasukuma kabati. Alitafsiri sawasawa, hakuongeza hata neno. Mwanamke wa nje alikuwa bado anagonga, nami ndiye niliyekuwa na meza, nikaendelea kugonga.