Pochi ya Kijani ya Mama Jesse

Kina mama wenzangu wa Kibosho, nawaandikia bila kujipamba. Kilichonituma ni wivu. Ujinga ulikuja nyuma yake, ukakuta mlango umeshafunguliwa.

Mwanangu Gidioni ni mpagazi wa mlimani. Mwaka juzi alimbeba mgongoni mgeni aliyeteguka mguu, mpaka getini. Yule mgeni akamshukuru kwa sarafu za mtandaoni. Si zile kubwa zinazotajwa redioni. Hii ni sarafu ndogo, hata jina lake linanishinda kulitamka. Ikakaa, ikapanda, mpaka siku moja Gidioni akaniambia, "Mama, sasa inatosha ada ya kozi. Nikipata leseni naongoza wageni. Mizigo basi."

Kabla ya kuiweka alilinganisha pochi za simu, zile programu za kutunzia sarafu, wiki nzima, kama mtu anayechagua ng'ombe wa maziwa. Hii nzuri, lakini sarafu yake haiijui. Ile inaijua, lakini wenye pochi wanabaki na ufunguo. Mwisho akachukua moja ya kijivu, mbaya, haina hata picha. Ikampa maneno kumi na mawili ya Kiingereza. Akayaandika kwenye karatasi, akanikabidhi.

"Mama, anayeyajua maneno haya ndiye mwenye pesa. Usimwonyeshe mtu."

Nikayaficha ndani ya kitabu cha nyimbo.

Sasa Salvina, yaani Mama Jesse, ni mke wa shemeji yangu. Kihamba chake, yaani shamba la migomba la nyumbani, na changu vimetenganishwa na mstari wa mimea ya masale tu. Jesse wake yuko Dar, naye alimwekea mama yake pochi ya kijani yenye picha ya jani. Sarafu ikipanda, pochi inalia kama kengele. Hata kwenye jumuiya inalia! Siku moja tumemaliza sala, akanigeukia mbele ya wote.

"Mama Gidioni, ya kwenu inaliaje?"

"Ya kwetu hailii."

"Hailii? Basi imelala njaa hiyo!" Wanawake wakacheka. "Mwambie Gidioni ahamie huku. Hii inapokea zote, hata za makombo."

Makombo! Mgongo wa mwanangu ndio makombo?

Nilirudi nyumbani naona kijani tupu. Gidioni alikuwa mlimani, siku sita, simu haishiki. Ningeweza kumuuliza Salvina pochi ile inapatikana wapi. Ningeweza kumpigia Jesse. Sikutaka. Wangesema naiga. Nikaitafuta mwenyewe kwenye simu yangu, zikaja za kijani nyingi, nikachukua yenye jani. Ikaniuliza kama nina pochi ya zamani, niandike maneno yake.

Nikaona ni sawa na kumimina maziwa kutoka kibuyu hiki kwenda kile. Na Gidioni alisema nisimwonyeshe mtu. Simu si mtu. Nikayaandika herufi kwa herufi, maana Kiingereza sikijui. Ilipomaliza ikalia. Nikatoka nayo mpaka mpakani makusudi, Salvina asikie.

Haikulia tena.

Siku ya sita Gidioni akaingia na vumbi la mlima usoni. Hakukaa.

"Shikamoo, Mama. Ile karatasi iko wapi?"

"Marahaba. Ipo kitabuni."

"Nimewasha simu pale getini. Pochi ni tupu. Nani ameiona?"

Nilitaka kusema wezi. Nilitaka kusema panya. Nikamwambia yote, na kengele ya Mama Jesse nikaitaja. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa nini hukunisubiri, Mama?" Akaenda kukaa kwenye migomba.

Kwetu aliyekosa huchukua jani la isale, mmea ule ule wa mpakani, akampelekea aliyemkosea, na huyo hawezi kulikataa. Mtoto hulipeleka kwa mzazi. Mzazi kulipeleka kwa mtoto sijapata kuona. Nikaenda mpakani kukata. Salvina akaniona.

"Unampelekea nani, mama?"

"Mwanangu."

Safari hii hakucheka. Akafungua mdomo kunipa pole, na pochi yake ikalia ndani ya kanga. Niwaambie kweli? Hata pale, jani mkononi, moyo uliniuma kwamba ya kwake bado inalia. Kwake Jesse alikuwa ameweka ile ya kweli; mimi nilichukua ya wezi, walioiga jani lake.

Gidioni alilipokea jani kwa mikono miwili. "Nimepokea, Mama. Yameisha." Mila ilimlazimisha, sijui moyo.

Jumatatu akapanda tena, mzigo wa watu kichwani. Kozi imeanza bila yeye. Nasikia amefungua pochi nyingine. Maneno yake ameyaweka wapi sijui, na nyie msiniulize.